Cherehani ya bei nafuu: mtaji au mzigo?

SOMO LA BIASHARA NDOGO

Kati ya vitendea kazi vyote ambavyo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kununua, cherehani ni miongoni mwa vichache vinavyoweza kuanza kuleta fedha siku ile ile kinapofikishwa nyumbani. Haihitaji leseni ya udereva, haili majani, na nafasi inayotaka haizidi ya meza moja. Ndiyo maana akina mama wengi, vijana wanaomaliza mafunzo ya ushonaji na hata wafanyakazi wanaojiandaa kustaafu huiweka mbele wanapofikiria mradi wa kwanza.

Hata hivyo, zipo nyumba nyingi ambamo cherehani imefunikwa kitambaa pembeni na kugeuzwa meza ya kuwekea redio. Fedha za mwenye nyumba zimelala hapo, na mara nyingi chanzo ni kile kile: mnunuzi aliuliza bei ya kununulia tu, hakuuliza gharama ya kuitumia. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kutofautisha cherehani ya bei nafuu na cherehani yenye gharama nafuu, kwani hivyo ni vitu viwili.

Soko lilivyo

Anayeanza hukutana na aina tatu za cherehani madukani Kariakoo na katika miji mingi ya mikoani.

Ya kwanza ni mashine ndogo ya plastiki inayobebeka kwa mkono mmoja. Hutumia betri 4 za kawaida au adapta ya volti 6. Bei yake ni ya chini kabisa na muuzaji hupenda kuionyesha ikishona kitambaa chepesi. Mota yake ni dhaifu. Pindo la suruali ya jinzi, ambalo kwenye maungio hufika matabaka sita au zaidi, huishinda. Vipuri vyake ni adimu, kwa hiyo kikiharibika kidude kimoja, mashine nzima hutupwa.

Ya pili ni cherehani nyeusi ya chuma ya kukanyaga kwa miguu au kuzungusha kwa mkono. Inayojulikana zaidi nchini ni Butterfly kutoka Shanghai, China, ambayo umbo lake la ndani limefuata Singer ya daraja la 15. Kwa mnunuzi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sindano, bobini, mikanda na vipuri vingi vya mashine hizo huingiliana na hupatikana karibu kila mji. Hushona mshono mmoja tu ulionyooka, lakini haiulizi kama umeme upo.

Ya tatu ni cherehani ya umeme ya nyumbani, yenye zigizaga na mitindo kadhaa ya mishono. Ni nyepesi, ina kasi, na inafaa kwa kumalizia kingo za kitambaa zisichanuke. Anayeitaka aangalie volti kabla ya kuangalia rangi. Umeme wa Tanzania ni volti 230, ambapo mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 110 hadi 120 na za Japani volti 100. Cherehani iliyotumika ya aina hiyo ikichomekwa ukutani bila transfoma, mota yake huungua. Maandishi ya volti huwa kwenye kibati karibu na mota au chini ya mashine. Kama kibati kimebanduliwa, mnunuzi aendelee na safari yake.

Zipo pia mashine za viwandani zinazofika mishono 4,000 hadi 5,000 kwa dakika. Hizo ni za mtu mwenye oda za uhakika, nazo si somo la leo.

Gharama ya mwezi, si bei ya duka

Katika uhasibu, kitendea kazi hakihesabiwi kuwa matumizi ya siku moja. Thamani yake hupungua kidogo kidogo kadiri kinavyotumika, na upungufu huo huitwa uchakavu. Mfanyabiashara mdogo asiyehesabu uchakavu hujiona anapata faida, kumbe anakula mashine yake.

Takwimu zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za soko lake.

Chukulia mashine ya plastiki inauzwa Sh. 90,000/-. Kwa kazi ya kila siku inadumu miezi 9, kisha haina wa kuinunua. Gharama yake ni Sh. 90,000/- kugawanya kwa 9, yaani Sh. 10,000/- kwa mwezi.

Chukulia sasa cherehani ya kukanyaga iliyotumika inauzwa Sh. 240,000/-. Mkanda mpya, sindano na fundi wa kuisafisha ni Sh. 24,000/-. Jumla ni Sh. 264,000/-. Inafanya kazi miaka 4, yaani miezi 48, na mwisho wake inauzwa Sh. 120,000/-. Thamani iliyopotea ni Sh. 144,000/-, sawa na Sh. 3,000/- kwa mwezi. Ukiongeza Sh. 2,000/- za mafuta, sindano na matengenezo, gharama ni Sh. 5,000/- kwa mwezi.

Kwa hiyo mashine ambayo bei yake ni karibu theluthi moja ya nyingine inamgharimu mwenyewe mara mbili kila mwezi. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na hapa hesabu inawaunga mkono.

Kazi ngapi zinatosha?

Anayeanza asikimbilie gauni la harusi. Kazi za kuanzia ni marekebisho: kupunguza suruali, kubana shati, kubadili zipu, kushona mapindo ya shuka na mapazia. Hapa ndipo mitumba inapoonyesha sura mbili. Kwa upande mmoja, tangu biashara ya nje ilipolegezwa katika miaka ya 1980, nguo hizo zimewaondolea mafundi wengi kazi ya kushona mashati na suruali za kila siku. Kwa upande wa pili, kila mtumba ambao haukumkaa mnunuzi sawasawa ni mteja mpya wa fundi wa marekebisho. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, lakini baada ya Marekani kutishia kuondoa nafuu za AGOA, ni Rwanda pekee iliyoshikilia ushuru mkubwa, nayo ikasimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Fundi wa Dar es Salaam au Mwanza anapaswa kupanga kazi yake akijua kwamba mitumba ipo.

Chukulia mama mmoja wa Mbagala anapokea wastani wa Sh. 1,500/- kwa kila rekebisho. Uzi, sindano na mkaa wa pasi vinakula Sh. 300/-. Kinachobaki, Sh. 1,200/-, ndicho kinacholipia gharama zisizobadilika. Amepanga kibaraza kwa Sh. 30,000/- kwa mwezi, nauli ni Sh. 26,000/- kwa siku 26 za kazi, ulinzi na taka ni Sh. 4,000/-, na cherehani ya kukanyaga ni Sh. 5,000/- kama ilivyokokotolewa. Jumla ni Sh. 65,000/-.

Sh. 65,000/- kugawanya kwa Sh. 1,200/- ni kazi 55 kwa mwezi, zaidi kidogo ya kazi 2 kwa siku. Hapo hapati faida wala hasara, na yeye mwenyewe hajalipwa hata senti. Kama anataka ujira wa Sh. 150,000/-, jumla ya kutafuta inakuwa Sh. 215,000/-, sawa na kazi 180. Kwa siku ni kazi 7.

Je, angetumia mashine ya plastiki? Gharama zisizobadilika zinapanda hadi Sh. 70,000/-, na pamoja na ujira ni Sh. 220,000/-, sawa na kazi 184. Tofauti ya kazi 4 inaonekana ndogo. Lakini kama mashine inalala siku 6 kila mwezi kwa ubovu, zinabaki siku 20, na sasa anatakiwa kufanya kazi zaidi ya 9 kwa siku, kwa mashine isiyopenda jinzi. Hasara kubwa ya chombo dhaifu hutokana na siku ambazo mwenye nacho amekaa nacho bila kazi na mteja amehamia kwa jirani.

Akishonea nyumbani, pango, nauli na ulinzi vinaondoka. Anabaki na Sh. 5,000/- za mashine na ujira wake, jumla Sh. 155,000/-, sawa na kazi 130 au 5 kwa siku. Faida hiyo ipo tu kama wateja wanaijua nyumba yake. Mtaa wenye watu wengi na fundi mmoja ni bora kuliko kibaraza cha barabarani chenye mafundi kumi.

Mwenye elfu tisini afanye nini?

Swali gumu zaidi ni la mtu ambaye Sh. 90,000/- ndiyo yote aliyonayo. Kumwambia anunue mashine ya Sh. 240,000/- si msaada. Hata hivyo, kuzitoa zote kwa mashine ya plastiki kunamwacha bila fedha ya uzi, mkasi, futi ya kitambaa na pasi.

Njia ya kwanza ni kukaa kwa fundi mwenye cherehani zaidi ya moja na kulipana kwa kila kazi. Kwa mfano ule ule, kama wanagawana nusu kwa nusu ile Sh. 1,200/-, kazi 5 kwa siku zinamletea Sh. 78,000/- kwa mwezi. Akitoa nauli ya Sh. 26,000/-, anabaki na Sh. 52,000/-. Akiweka akiba Sh. 30,000/- kila mwezi, na akilenga Sh. 324,000/-, yaani cherehani iliyotengenezwa pamoja na Sh. 60,000/- za mtaji wa mzunguko, pengo lake ni Sh. 234,000/-. Litazibwa kwa miezi 8. Ni muda mrefu na kipato cha wakati huo ni kidogo, jambo ambalo halifai kufichwa. Lakini katika muda ambao mashine ya plastiki ingekuwa inakaribia kutupwa, yeye anakuwa na mashine ya chuma, wateja wanaomjua na mkono uliokwisha kuzoea.

Njia ya pili ni kikundi. Kwa utaratibu uliowekwa kisheria mwaka 2018, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu wake na ikarejeshwa mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia. Kikundi kisichukue mkopo kabla ya kuandika nani atatumia mashine siku gani na nani atalipa ikiharibika. Vikundi vingi huvunjika kwa ajili ya maswali hayo mawili.

Tahadhari ya malipo kidogo kidogo

Kuuza cherehani kwa malipo ya awamu si jambo geni. Kampuni ya Singer, ambayo mwanzilishi wake Isaac Merritt Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, ilianza kuuza kwa utaratibu huo mwaka 1856, kwa sababu familia ya kawaida nchini Marekani haikuweza kulipa bei yote kwa mara moja. Utaratibu huo uliisaidia kampuni kuwa kubwa na uliwapa chombo watu ambao wasingekipata.

Mnunuzi hana budi kupiga hesabu kabla ya kutia sahihi. Chukulia cherehani ya Sh. 240,000/- taslimu inauzwa kwa malipo ya awali Sh. 60,000/- na awamu 6 za Sh. 40,000/-. Jumla ni Sh. 300,000/-. Nyongeza ya Sh. 60,000/- juu ya deni la Sh. 180,000/- inaonekana kuwa asilimia 33 kwa nusu mwaka. Hali halisi ni mbaya zaidi, kwani deni hupungua kila mwezi. Wastani wa deni la msingi kwa miezi hiyo 6 ni Sh. 105,000/- tu, hivyo riba yenyewe ni asilimia 57 kwa nusu mwaka, na zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka. Kwa lugha ya fundi, nyongeza hiyo ni kazi 50 anazomfanyia muuzaji bure.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na vitambaa vyake: kipande cha shuka, kipande cha kitenge na kipande cha jinzi. Wauzaji huonyesha mashine kwa kitambaa kikavu chenye dawa ya kukakamaza, ambacho hushonwa vizuri na karibu mashine yoyote.

Kwanza, azungushe gurudumu la pembeni kwa mkono, pole pole, kuelekea kwake. Lizunguke bila kukwama na bila kugonga. Akilizungusha kinyume kwenye mashine iliyotiwa uzi, nyuzi hujifunga, na kosa hilo hufanywa na wanafunzi wengi wa kukanyaga.

Pili, aushike mhimili wa sindano na kuutikisa. Ukicheza sana upande kwa upande, mashine imechoka. Atazame pia bamba la chini ya sindano. Tundu lenye mikwaruzo mingi litakata uzi. Meno yanayosukuma kitambaa yawe makali, yasiwe yamelika.

Tatu, ashone msitari mrefu kwenye shuka iliyokunjwa mara mbili, kisha ageuze atazame chini. Mshono mzuri hufanana pande zote mbili, kwa sababu uzi wa juu na wa bobini hukutana katikati ya kitambaa. Uzi wa bobini ukichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Vitanzi vikijaa upande wa chini, kosa karibu kila mara liko juu: uzi umelegea au haukupita kwenye vikazio vyake. Watu wengi wamezirudisha au kuziuza kwa hasara cherehani nzima ambazo shida yake ilikuwa ni kutiwa uzi upya.

Nne, ashone jinzi yenye matabaka manne. Kabla ya hapo aombe sindano namba 16 au 18. Kwa kitenge na shuka namba 14 inatosha, na kwa kitambaa chepesi namba 11. Sindano iliyopinda au iliyowekwa kinyume huruka mishono hata kwenye mashine mpya kabisa.

Tano, aulize bei ya bobini, mkanda na sindano dukani hapo hapo. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata kimoja anauza mashine isiyo na kesho.

Utunzaji

Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na oili ya gari ni nzito na huchafua nguo ya mteja. Tone moja kwenye kila tundu linatosha, kisha mashine ishone kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke. Vumbi la pamba chini ya bamba litolewe kwa brashi kila wiki. Watengenezaji wa sindano hushauri ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona. Ni kitu cha bei ndogo kuliko shati la mteja lililotoboka.

Mahali pa kulaza mashine nako ni sehemu ya hesabu. Moto uliounguza Soko la Kariakoo Julai 2021 na ule wa soko la Karume Januari 2022 uliwaacha wafanyabiashara wengi bila kitu. Mwenye cherehani ya kichwa kinachong'oka anaweza kukifungua na kulala nacho nyumbani, akiacha meza tu kibarazani.

Msimu

Mapato ya ushonaji hayako sawa mwaka mzima. Desemba na Januari kuna Krismasi na sare za shule, na kabla ya Idd kazi huwa nyingi mpaka usiku. Baada ya hapo hufuata wiki kavu. Anayepanga marejesho ya mkopo kwa kuangalia mapato ya Desemba atashindwa kulipa Machi. Apange kwa mwezi mbaya, na ziada ya mwezi mzuri aiweke kando kwa ajili ya uzi, vipuri na ada za watoto.

Muhtasari

1. Bei ya duka igawanywe kwa miezi ambayo mashine itafanya kazi, baada ya kutoa bei itakayouzwa mwishoni.
2. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, cherehani ya chuma iliyotumika na yenye vipuri mitaani kwa kawaida ni salama kuliko mpya ya plastiki.
3. Mtaji wote usiishie kwenye mashine. Uzi na pasi navyo ni mtaji.
4. Malipo ya awamu yabadilishwe kuwa idadi ya kazi kabla ya kutia sahihi.

Zoezi

Fundi wa mfano wetu anapata mshindani jirani na kushusha bei hadi Sh. 1,200/- kwa kazi. Gharama ya Sh. 300/- haibadiliki. Afanye kazi ngapi kwa mwezi ili alipe gharama za Sh. 65,000/- na ujira wa Sh. 150,000/-?

Jibu: Kwa kila kazi anabakiwa na Sh. 900/-. Sh. 215,000/- kugawanya kwa Sh. 900/- ni kazi 239, zaidi ya 9 kwa siku badala ya 7. Bei imeshuka kwa asilimia 20, kazi zimeongezeka kwa asilimia 33. Kabla ya kushusha bei, fundi ajiulize kama mikono yake, na mashine yake, vinaweza kubeba nyongeza hiyo.